Mkono wa Kuazima

Kazi nyingi duniani huvaa jina la mtu mmoja, na hali zimefanywa na mikono ya wengi. Nyumba huitwa ya fulani, na waashi walioijenga hawatajwi. Shamba huitwa la fulani, na waliolivuna hawajulikani. Sisi tukaao Kitale twaliona jambo hili kila mwaka. Mahindi ya Trans Nzoia yakisha kukauka, watu huja kutoka pande nyingi, huyavunja, huyapukusa, huyatia katika magunia, hupokea ujira wao na kwenda zao. Gunia huingia ghalani kwa jina la mwenye shamba, wala hakuna aonaye ajabu. Lakini iko kazi moja ambayo desturi hii, ikiingia ndani yake, huleta swali gumu. Kazi hiyo ni muziki.

Miaka kadhaa iliyopita kijana mmoja wa kidato cha tatu alinijia jioni, baada ya masomo. Alikuwa hodari wa gitaa la besi. Alilipiga kanisani Jumapili na katika harusi siku za Jumamosi. Bendi moja ilikuwa ikijiandaa kwa safari ya miezi mitatu, kutoka Kitale kupitia Kiminini, Kamukuywa na Webuye hata Bungoma, na kutoka huko kwenda Kakamega na Kisumu. Mpiga besi wao alikuwa ameumia mkono. Walimtaka kijana huyu ashike mahali pake mpaka apone. Walimwahidi fedha ambazo kwa mwanafunzi zilikuwa nyingi. Safari ingeanza Agosti, wakati wa likizo, nayo ingeumeza muhula mzima uliofuata. Kijana hakuniuliza kwanza habari ya shule. Aliniuliza hivi: "Mwalimu, nikienda nao nitakuwa mwanamuziki wao, au nitakuwa kibarua wao?"

Sikumjibu siku ile. Nilimwomba siku tatu za kufikiri. Insha hii ni jibu nililompa, pamoja na mambo niliyoyafikiri baadaye.

Swali lile lilikuwa zito kuliko umri wa aliyeliuliza. Mvunaji wa mahindi huuza nguvu za mikono yake, lakini punje hazichukui sauti yake. Ukila ugali huwezi kujua kama mahindi yalivunwa na mtu mwenye furaha au mwenye huzuni, fundi au mwanagenzi. Mpiga gitaa hayuko hivyo. Sauti haitengani na aliyeitoa. Wachezaji huzifuata nyayo za vidole vyake, wakasema wanaifuata bendi. Hutoa sehemu ya nafsi yake, ikapokewa kwa jina la mwingine. Tena wimbo aupigao hakuutunga, na mahali asimamapo si pake, kwa kuwa anapashika kwa ajili ya mtu aliye mgonjwa. Jina ni la kuazima, wimbo ni wa kuazima, na mahali ni pa kuazima. Je, kimesalia nini kilicho chake?

Wako watakaojibu upesi kwamba hakikusalia kitu: mtu huyo ni kibarua, na alipwe akaende. Wako wengine watakaojibu upesi vilevile kwamba muziki hauna mwenyewe ila yule aupigaye, hata kama ameupiga kwa usiku mmoja. Majibu ya upesi aghalabu huwa nusu ya kweli. Kwa hiyo na tutazame kwanza mambo yaliyowapata watu wengine katika kazi hii, kisha tuhukumu.

Katika miaka ya 1970 vijana wa Uingereza walipiga muziki wa kelele na hasira ulioitwa panki. Haukudumu sana katika hali yake ya kwanza. Ulizaa muziki mwingine, wenye giza na fikira nyingi zaidi, na watu wakauita muziki wa baada ya panki. Miongoni mwa bendi zake ilikuwako moja ya London, Siouxsie and the Banshees, iliyoitwa kwa jina la mwanamke aliyekuwa mwimbaji wake. Septemba 1979 bendi hii ilikuwa safarini, ikipiga mji baada ya mji. Ilipofika Aberdeen, katika Scotland, ugomvi ulizuka ndani yake. Mpiga gitaa, John McKay, na mpiga ngoma, Kenny Morris, wakaondoka saa chache kabla ya onyesho. Watu walikwisha lipa viingilio, na nusu ya bendi haikuwapo.

Kila usiku bendi nyingine ilikuwa ikitangulia kupiga kabla ya Banshees. Bendi hiyo iliitwa The Cure, na kiongozi wake, Robert Smith, alikuwa kijana wa miaka 20. Smith alijitolea kushika gitaa la aliyeondoka. Ngoma zikashikwa na mtu aitwaye Budgie, ambaye alikuwa amepiga na bendi ya The Slits. Kabla ya mwezi ule kwisha safari ikaendelea. Kila usiku Smith alipanda jukwaani mara mbili: kwanza kwa nyimbo zake pamoja na wenziwe, kisha kwa nyimbo za wengine. Safari ilipokwisha alirudi kwa wenziwe wa The Cure. Budgie hakurudi alikotoka. Alibaki na Banshees mpaka bendi ile ilipovunjika mwaka 1996.

Tazama, msomaji, jinsi mlango mmoja ulivyowapitisha watu wawili, kisha njia zao zikaachana. Wote wawili waliitwa kwa haja ya dakika ile. Mmoja alikuwa mgeni kweli: aliingia, akatenda, akaaga. Mwingine aliingia mgeni akawa mwenyeji kwa miaka 17. Basi muda ambao mtu ameahidiwa si kipimo cha thamani yake, maana ahadi ya siku chache yaweza kuzaa miaka mingi. Na yule aliyeaga hakurudi mikono mitupu. Smith alisimulia baadaye kwamba kupiga muziki wa watu wengine kulimgeuza fikira juu ya muziki wa bendi yake mwenyewe. Alikwenda kuazimisha mkono, akarudi na sikio jipya.

Mfano wa pili ni wa miaka 15 kabla ya huo, nao hauchekeshi. Juni 1964 bendi ya Beatles, ambayo kwa wakati ule labda haikuwa na mfano wake kwa umaarufu duniani, ilikuwa karibu kuanza safari ndefu. Mpiga ngoma wao, Ringo Starr, akaugua koo, akalazwa hospitali. George Harrison alikataa mwanzoni kusafiri bila ya mwenzao, lakini mikataba ilikuwa imekwisha fungwa. Akaitwa mpiga ngoma mmoja wa London, Jimmie Nicol. Alifanya mazoezi siku ileile, na siku ya pili yake alikuwa Copenhagen, katika Denmark, mbele ya umati uliopiga kelele hata muziki usisikike vizuri. Alikwenda nao Uholanzi, akaenda nao Hong Kong, akaenda nao Adelaide, katika Australia. Huko Australia, katika mji wa Melbourne, Starr aliwafikia akiwa amepona. Nicol akalipwa fedha zake, akapewa saa ya dhahabu iliyochorwa maneno ya shukrani, akapanda ndege kurudi kwao. Yote hayo yalipita kwa muda usiotimia wiki mbili. Mwaka uliofuata, 1965, mahakama ilimtangaza kuwa amefilisika.

Sisemi kwamba siku zile chache ndizo zilizomfilisi. Maisha ya mtu yana sababu nyingi, na si haki kumhukumu kwa jambo moja. Nasema tu kwamba hali ya Smith na hali ya Nicol hazikuwa sawa hata kabla ya kuitwa. Smith alikuwa na bendi yake, nyimbo zake na wenziwe waliomngojea. Alipokuwa akipiga muziki wa wengine alijua njia ya kurudi nyumbani. Nicol alirudi kwenye kazi ndogo iliyoonekana ndogo zaidi baada ya ile kelele ya maelfu. Wahenga walisema kwamba mwenda kwao si mtumwa. Mtu mwenye kwao aweza kumtumikia mwingine kwa furaha, bila ya kujipoteza. Asiye na kwao hushikwa na utumwa hata pale alipopewa saa ya dhahabu.

Mambo haya si ya Ulaya peke yake. Historia ya bendi za Kenya ni historia ya watu wa safari. Ndugu wawili, Wilson na George Kinyonga, walitoka Tanga, ambako walipiga katika bendi ya Jamhuri Jazz. Mwaka 1970 walihamia Arusha, na mwaka 1971 wakaingia Kenya, ambako bendi yao ilipata sifa kwa jina la Simba Wanyika. Samba Mapangala alitoka Kongo, akapitia Uganda, akafika Nairobi mwaka 1977, na baadaye akaongoza Orchestra Virunga. Katika bendi za namna hii wapigaji waliingia na kutoka kama abiria: mmoja hushuka njiani, mwingine hupanda, na gari huendelea na jina lake ubavuni.

Mwaka 1978 baadhi ya wapigaji wa Simba Wanyika, miongoni mwao Omar Shabani, Tom Malanga na Rashid Juma, waliondoka wakaunda bendi iliyoitwa Les Wanyika. John Ngereza akajiunga nao. Wimbo wao uitwao "Sina Makosa", ambao Omar Shabani aliutunga, ungali ukipigwa katika harusi na sherehe zetu hata leo. Watu walipousikia mara ya kwanza walidhani kwamba mafundi wapya wamezaliwa. Lakini vidole vile havikuzaliwa mwaka 1978. Vilikuwa vikisikika tangu zamani chini ya jina jingine, navyo viliisaidia bendi ya kwanza kupata sifa yake. Kilichozaliwa mwaka ule ni majina katika masikio ya watu, ufundi ulikuwako.

Kutokana na mifano hii naona kwamba swali la yule kijana lina majibu mawili, moja kwa yule aazimaye mkono na moja kwa yule aazimishaye. Haki za mmoja ni wajibu wa mwingine, na aliyesoma upande mmoja tu wa karatasi hakuisoma karatasi.

Nianze na yule mgeni. Wajibu wake wa kwanza ni kufanya kazi nzima katika muda wa nusu. Yako majaribu ya kusema, "Bendi si yangu, wimbo si wangu, na mwezi ujao sitakuwapo, kwa nini nijichoshe?" Mwenye kusema hivyo adhani anawanyima wenye bendi, kumbe ajinyima mwenyewe. Bendi ikiwa mbaya kwa usiku mmoja yaweza kusahauliwa, lakini mtu aliyezoea kupiga nusu huichukua nusu ile hata katika nyimbo zake mwenyewe. Mkono hauna kumbukumbu mbili, moja ya kazi ya watu na moja ya kazi ya nyumbani.

Wajibu wake wa pili ni kusikiliza. Aliyeumia mkono alikuwa na namna yake ya kupiga, na wenziwe wamezoea kutembea juu ya namna hiyo kama watu watembeavyo juu ya daraja. Mgeni akija na mbwembwe zake ili aonekane, daraja hutikisika na wote huanguka, naye pamoja nao. Lakini kusikiliza si kujifuta. Nyimbo zilezile zikipigwa na watu wawili hazitoki sawa, hata kama wamekusudia zitoke sawa. Mwandiko wa mtu haufi kwa sababu ananakili maneno ya mwingine. Hapa ndipo ninapoona kile kilichosalia kuwa chake. Jina si lake, wimbo si wake, mahali si pake. Lakini namna ya kugusa uzi ni yake, wala hakuna mwenye bendi awezaye kuinunua akabaki nayo mgeni akishaondoka.

Wajibu wake wa tatu ni kujua kuondoka. Mwenye mahali akipona, mgeni na ampishe kwa moyo mweupe. Asichochee fitina jukwaani, wala asitoke katikati ya safari kwa kuwa amepata ujira mkubwa kwingine, wala asiende mjini kusimulia siri za nyumba iliyomlisha. Najua kwamba jambo hili ni gumu. Aliyepigiwa makofi jana hataki kuwa mtazamaji leo. Lakini ugumu wa jambo hauondoi wajibu wake.

Sasa nigeukie mwenye bendi. Wajibu wake wa kwanza ni ujira kamili kwa wakati wake. Mwenyeji wa mji anayo majirani na maduka yatakayomkopesha; mgeni aliye safarini hana. Kumcheleweshea mtu ujira katika mji asioujua ni kumfunga kwa kamba isiyoonekana.

Wajibu wake wa pili ni ukweli juu ya mwisho. Amwambie mgeni tangu mwanzo: tunakuhitaji kwa miezi mitatu, na fulani akipona utarudi kwenu. Viongozi wengi huogopa kusema hivyo, wakidhani mgeni atapiga kwa uvivu. Humpa matumaini wasiyokusudia kuyatimiza, ili apige kwa bidii ya mtu anayejenga nyumba yake, na hali wamekwisha kata shauri kwamba hatalala ndani yake. Huo ni wizi. Aliyeiba fedha aweza kuzirudisha, lakini aliyeiba tumaini la kijana atarudisha nini?

Wajibu wake wa tatu ni kumtaja. Hili ndilo lidharauliwalo kuliko yote, kwa kuwa halina gharama, na watu hudhani kisicho na gharama hakina thamani. Kipaza sauti kiko mkononi. Ni maneno machache tu kusema kwamba besi ya leo inapigwa na fulani wa Kitale. Sheria za walimwengu zimeanza kulitambua jambo hili. Mkataba uliofanywa Roma mwaka 1961 uliwapa wapigaji na waimbaji ulinzi wao, mbali na ule wa watunzi. Mkataba wa Geneva wa mwaka 1996 ulikwenda mbele zaidi, ukasema kwamba mpigaji ana haki ya kutambuliwa kuwa ndiye aliyepiga, isipokuwa pale ambapo namna ya kuutumia muziki hairuhusu. Katika Kenya, Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inampa mpigaji haki zake mwenyewe, hata kama wimbo ulitungwa na mwingine. Lakini sheria hungoja mashtaka, na kijana wa miaka kumi na saba hana wakili. Kwa hiyo dhamiri ya mwenye bendi haina budi kutangulia pale ambapo sheria huchelewa kufika.

Hapa msomaji mwerevu aweza kunipinga. Aweza kusema: mbona wazee wetu walifanya muziki mkubwa bila ya kutaja majina? Katika Bungoma, Agosti ya kila mwaka unaogawanyika kwa mbili, Wabukusu huwatahiri vijana wao. Kijana huzunguka akipiga kengele ziitwazo chinyimba, na usiku wa kuamkia siku yake jamaa na majirani humwimbia na kucheza pamoja naye, jambo ambalo wao huliita khuminya. Alfajiri humsindikiza kwa nyimbo kutoka mtoni. Mmoja huongoza, wengine huitikia mpaka sauti zikauke. Waitikiaji wale hawaandikwi popote, nao hawalalamiki. Kwa nini basi mpiga besi adai kutajwa?

Pingamizi hili lina nguvu, nami nililifikiri sana. Lakini naona tofauti mbili. Ya kwanza, usiku ule hakuna auzaye sauti za wenziwe. Hakuna kiingilio, hakuna bango, hakuna santuri yenye picha ya mmoja juu yake. Wote hawatajwi sawasawa, na sifa yote huenda kwa kijana aliyeisimamia siku yake. Dhuluma haitokani na watu kutotajwa. Hutokana na jasho la mmoja kuandikwa katika hesabu ya mwingine. Ya pili, waitikiaji wale hawatajwi kwa sababu wanajulikana. Kila mmoja ni jirani wa mtu aliyepo pale. Kesho yake ataamkiwa njiani kwa jina lake na jina la ukoo wake. Mgeni wa bendi hufika asikojulikana, hupiga, huondoka usiku. Kama hakutajwa jukwaani, hana mahali pengine atakapotajwa.

Limebaki jambo moja, nalo ni fikira ya kwamba kitu cha muda mfupi ni kitu kidogo. Fikira hii huwatesa vijana wengi, nao huikimbilia kazi yoyote iahidiyo kudumu, au huidharau ile iliyo mikononi mwao kwa kuwa itakwisha. Lakini muziki wenyewe ndio shahidi dhidi ya fikira hiyo. Wimbo hauwi mzuri kwa kuwa ni mrefu. Sauti ya uzi wa besi huzaliwa, hutetema, hufa kabla ya pumzi moja kwisha, na bila ya kufa kwake sauti inayofuata isingepata nafasi. Ufupi si kasoro ya wimbo, ni hali yake. Jambo lililo fupi huharibika pale tu linapojifanya refu: mgeni anapojidai mwenyeji, au mwenyeji anapomdanganya mgeni kwamba atakaa.

Hayo, au sehemu kubwa ya hayo, ndiyo niliyomwambia kijana siku ya tatu. Nilimaliza kwa kumwambia hivi: "Mwanangu, jina la kibarua halitoki katika urefu wa kazi. Hutoka katika mambo mawili: kupiga bila ya moyo, na kutumiwa bila ya kutambuliwa. La kwanza liko mikononi mwako. La pili liko mikononi mwao, lakini waweza kuuliza kabla ya kupanda gari. Na uwe na pa kurudi. Shule yako ndiyo kwenu kwa sasa."

Alikaa kimya muda mrefu. Kisha alisema kwamba atawapa mwezi mmoja tu, mwezi wa likizo, na kwamba wakikataa atabaki nyumbani. Ilimuuma kusema hivyo, kwa kuwa aliamini watakataa. Hawakukataa, maana Agosti ilikuwa imekaribia na hawakuwa na mwingine. Akaenda.

Singependa kuipamba habari hii kuliko ilivyokuwa. Alirudi siku ya kufungua shule akiwa amekonda na vidole vimeota sugu. Katika usiku wote aliopiga, jina lake lilitajwa mara moja, Webuye, tena lilitamkwa vibaya. Ujira wake ulipungua kwa theluthi. Aliniuliza kama alidanganywa. Nilimwambia kwamba katika fedha alidhulumiwa, aende akadai. Na kwamba kuvumilia dhuluma si sehemu ya unyenyekevu. Alikwenda mara tatu, akapewa nusu ya kilichosalia. Nusu ya pili hakuipata, hajaipata hata leo. Lakini alirudi pia na daftari alilokuwa ameandika, wimbo kwa wimbo, namna yule mgonjwa alivyokuwa akipiga besi yake, kama wenziwe walivyomweleza na kumwimbia. Siku ya mwisho alimpelekea mwenyewe nyumbani, ili aone ni wapi aliifuata njia yake na ni wapi aliiacha. Yule mtu aliyeumia, ambaye kwa wiki nyingi alidhani amesahauliwa, aliisoma kurasa kwa kurasa, akamwomba amwachie.

Miaka imepita. Mwaka jana nilialikwa harusini Kiminini, na bendi iliyotumbuiza ilikuwa ya yule kijana, ambaye sasa ni mtu mzima. Kabla ya wimbo wa kwanza alishika kipaza sauti. Sikumsikia akilitaja jina lake. Alimtaja mpiga ngoma, akasema kwamba ametoka Bungoma, kwamba amekuja kwa siku ile moja tu kumshikia mwenzao aliyefiwa, na kwamba watu wampokee. Watu wakampigia makofi mtu ambaye hawatamwona tena. Yeye akainamisha kichwa juu ya ngoma zake, akainua vijiti, na wimbo ukaanza.